Siku Tuliyopima Variante ya Pili

Ninyi mnaoanza kushika mira mwaka huu, nisikilizeni kwanza juu ya woga. Habari ya fimbo itafuata.

Mira ni ile fimbo ndefu ya alumini yenye namba, ambayo mpimaji anaisoma kwa darubini akiwa mbali. Mimi nilianza kuishika nikiwa kijana wa Bwiza, hapa Bujumbura, mwenye haya kupita kiasi. Nikitumwa dukani nilingoja wateja wote waondoke ndipo niseme nilichotumwa. Kazi hii niliipenda kwa sababu haina maneno. Unasimama, unanyamaza, namba zinasema. Nilidhani nimepata kazi ya watu kama mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anayesimama kimya kwenye ua wa watu na fimbo ya namba ndiye anayeogopwa kuliko mwizi. Mwizi angalau unajua amefuata nini.

Fikirini wenyewe. Asubuhi unafungua mlango umwage maji ya kunawia, unakuta mwanamume usiyemjua penye kona ya nyumba yako. Kule mbali kuna mwingine ameinamia chombo cha miguu mitatu, jicho moja amelifumba, lingine limeelekea kwako. Yule wa mbali anapunga mkono, huyu wa karibu anasogea, na pale alipokuwa kinabaki kigingi. Nani hataogopa? Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta vijana wanapima uchochoro wetu kwa ajili ya mabomba ya maji. Niliingia ndani nikafunga mlango, na hiyo ni kazi yangu mwenyewe.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Sefu wa Buyenzi, mtu mfupi sana. Watu walicheka kwamba mira inamshika yeye. Mambo aliyonifundisha ni machache na yote yanafaa mpaka leo. Usiweke mira juu ya udongo uliochimbuliwa, itazama kidogo kidogo na namba zitadanganya. Tafuta jiwe au kanyagia pawe pagumu. Tazama kiputo cha maji kilichofungwa mgongoni mwa fimbo. Kama fimbo haina kiputo, iyumbishe polepole, mbele na nyuma, mpimaji achukue namba ndogo kuliko zote atakazoziona, kwa maana hapo ndipo ilipokuwa imesimama wima. Usiiinue karibu na nyaya za umeme hata kama chefu, mkubwa wa kikosi, anapiga kelele. Radi ikianza kunguruma, ilaze chini na uende mbali nayo. Chefu akitaka, aje aishike yeye. Na kabla hujatia mguu kwenye ua wa mtu, piga hodi, hata kama nyumba inaonekana haina watu.

"Wakikuuliza tunapima nini?" nilimwuliza.

"Sema: mi nashika fimbo tu."

"Na wakiuliza tena?"

"We sha, mutu anauliza fimbo mara ngapi?"

Jibu hilo lilinifaa miaka mingi.

Siku moja kule milimani niliinua mira chini ya mti bila kutazama juu, kumbe kuna mzinga wa nyuki. Mzee Sefu alikimbia kabla hata ya nyuki wenyewe kujua kumetokea nini. Mimi nilisimama. Sikuwa shujaa; niliogopa kuiacha mali ya kazi. Mpimaji, ambaye kwenye darubini yake aliona namba tu, alikuwa anapiga kelele: "Rama, usitikisike! Usitikisike!" Nilitikisika mpaka mtoni. Vipimo vya siku ile, ukivifuata, barabara ingepita majini.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tulianza na mnyororo wa kuvuta kwa mikono, ikaja darubini ya kielektroniki, ikaja antena inayoongea na satelaiti, sasa kuna droni. Droni inapima mlima mzima kabla hamjamaliza kunywa chai. Lakini droni haipigi hodi. Hapo bado mnahitajika.

Sasa niseme juu ya makonsilta, wataalamu wa kushauri, kwa sababu wengi wenu mtafanya kazi nao.

Nchi yetu haina reli. Mizigo inakuja kwa malori na kwa meli za ziwani, na kila mfanyabiashara wa Bujumbura atakuambia bei ya simenti inapandia njiani. Basi serikali inataka reli ya mizigo, na swali ni ipite wapi, na stesheni ya kushushia mizigo ijengwe wapi. Kujibu swali hilo inatafutwa biro ya etidi, yaani ya uchunguzi wa mradi, kampuni ya watu binafsi, mara nyingi kutoka nje. Wanakuja na kofia, maji ya chupa na kompyuta, wanakaa majuma kadhaa, wanaandika ripoti, wanaondoka. Mimi siwasemi vibaya. Nimekutana na wengi wanaojua kazi na wanaotembea kwa miguu juani kuliko sisi. Niliwahi kuuliza kwa nini wasipewe wainjinia wetu, nikaambiwa kwamba wenye kukopesha fedha wanataka saini ya mtu asiye na shamba hapa. Ni sababu nzuri. Lakini mtu asiye na shamba hapa pia hana jirani hapa.

Tena etidi haiji mara moja. Inakuja, inalala, inakuja nyingine. Konsilta mmoja alifurahi sana alipokuta kigingi cha zege cha etidi ya zamani, akakipiga picha pande zote, akasema huu ni ushahidi mkubwa. Mwenye ua akatoka mbio kutoka shambani.

"Musyo, acha! Iyo ni ya mbuzi yangu!"

Na kweli mbuzi alikuwa amefungwa pale, na mbuzi mama yake alifungwa pale kabla yake. Konsilta akaandika, mbuzi akala karatasi moja. Ripoti ile ilipotoka nilionyeshwa ukurasa wenye picha. Na mimi nipo: mguu mmoja, na ndala yake.

Jambo moja lilinitia hofu zaidi ya nyuki. Ni kusikia wakubwa wakizungumza ndani ya gari. Konsilta wetu wa mwisho aliitwa Msiyo Alen, mzungu mnene, mpole, aliyewahi kufanya kazi Bukavu na akajifunza Kiswahili cha huko. Siku hiyo tulikuwa na mtu wa wizara kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na mira imepita juu ya bega langu.

"Nyinyi mnapendelea ipi?" Msiyo Alen aliuliza.

"Ninyi ndio wataalamu," alisema mtu wa wizara.

"Lakini nchi ni yenu. Sisi tunashauri tu."

"Mkishashauri, tutaamua kufuatana na mlivyoshauri."

"Na sisi tutashauri kufuatana na mnavyopendelea."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaoheshimiana. Dereva naye akacheka kwa adabu. Mimi niliikumbatia fimbo. Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba kuna mahali, juu kule, ambapo mtu mmoja anajua.

Njia walizokuwa wanazungumzia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipita chini, karibu na maghala na barabara ya kusini. Ya pili ilipanda nyuma ya mtaa wa Musaga, kati ya nyumba za watu, ikateremka upande wa pili. Kwa Kifaransa cha kazi njia hizo zinaitwa variante. Variante ya kwanza, variante ya pili. Maana yake ni namna nyingine ya kufanya jambo lilelile, basi. Katika gari letu lilikuwa neno la kila dakika, wala hatukulisikia tena.

Lakini korona ilikuwa haijaenda mbali. Redio ilikuwa imetufundisha neno hilohilo: variante imeingia nchi fulani, variante mpya ni kali kuliko ya kwanza. Na kupima, kila mtu alijua ni nini. Ni kijiti puani, na baada ya kijiti, kufungiwa.

Asubuhi ile tulifika nyuma ya Musaga na gari jeupe. Barabara ya udongo ilikuwa inatoa vumbi jekundu, kwa hiyo wote tulikuwa na barakoa. Mimi nilivaa glavu, maana mira ikikaa juani inachoma. Deo, chefu na mpimaji wa kikosi chetu, alikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kupulizia, anaweka alama chini kila tutakapopiga kigingi, au piketi. Watu walitoka kututazama, wanawake na ndoo zao, watoto wengi. Msiyo Alen alipenda kusalimia watu mwenyewe. Akapanda juu ya jiwe, akainua mikono yote miwili.

"Jambo wote! Musiogope! Sisi banapima! Variante ya kwanza, tulisha kuiona kule chini! Leo tunapima variante ya pili, hapa kwenu!"

Alisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza harusi.

Niliona mwanamke mmoja akimshika mtoto wake mkono na kurudi naye kinyumenyume. Kisha mwingine. Milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Mzee mmoja aliyekuwa anashona viatu barazani alikusanya ngozi zake na sindano, akaingia ndani na kiti chake.

"Watu wa hapa wana haya," Msiyo Alen alisema.

Mimi ninayejua haya tangu utotoni, nilijua ile si haya. Lakini sikujua ni nini, nikaenda kuichukua mira.

Kesho yake tulikuta mahali pamekuwa kama makaburini. Hakuna mtoto njiani, hakuna moshi wa jikoni, hata kuku walikuwa wamefungiwa. Deo alifurahi. "Leo kazi nzuri," alisema. "Hakuna mutu wa kugusa piketi zetu." Kila dirisha lilikuwa na pazia, na kila pazia lilikuwa na jicho. Nilipiga hodi nyumba hadi nyumba kama nilivyofundishwa, na kila mahali sikujibiwa.

Nyumba ya Mama Nyota ilikuwa ya mwisho kabla ya bonde. Nilimjua kidogo, kwa sababu huuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni Bwiza na mke wangu humnunulia. Ni mjane, Mkongo wa upande wa Uvira. Mume wake Mrundi alimwachia kiwanja kile, na yeye akasimamisha nyumba ya matofali mwenyewe. Alikuwa anakaa na mjukuu wake Baraka, ambaye hajafika hata umri wa kwenda shule, maana mama yake mtoto alivuka mpaka kufanya biashara.

Nilisimamisha mira kwenye kona ya ukuta wake, nikatazama kiputo. Ndipo nikasikia, ndani ya ukuta, karibu kabisa na sikio langu, mtoto anaguna. Si kulia. Ni ile sauti ya mtoto ambaye amechoka kulia. Kisha harufu ya majani yaliyochemshwa ya kufukizia homa. Halafu sauti ikakatika ghafla, katikati, na nikajua kwamba mkono wa mtu umewekwa mdomoni mwa mtoto.

Mnielewe vijana. Kule mbali Deo alikuwa ananipigia kelele nisimamishe fimbo. Na mimi nilikuwa nasikiliza kama mtoto anapumua.

"Hodi," nilisema. "Mama Nyota, hodi."

Nikabisha tena.

"Ni Rama. Rama wa Bwiza, mume wa Salima. Mtoto anaumwa?"

"Apana mutoto humu," sauti ikajibu nyuma ya mlango.

"Nimemsikia, mama."

"Umesikia mbuzi."

"Mama, mtoto wa homa unamziba mdomo, atakosa pumzi."

Nilisikia kitu kikiburutwa hadi mlangoni, nadhani meza. "Mi nilishapimwa," alisema. "Puani, mara mbili. Nendeni kupima ingine nyumba. Baraka hamumubebi. Mulibeba jirani yangu kule Uvira, alirudi mu sanduku."

"Sisi si wa hospitali. Ni wa reli."

"Reli gani! Mutu yenu alisema yeye mwenyewe, juu ya jiwe, wote tulisikia. Variante ya pili! Ile ya kwanza mumeimaliza kule chini, sasa munatafuta huku. Na barakoa ni ya nini? Na zile gants za mukono? Na ile dawa nyekundu munapuliza mbele ya nyumba za watu, munafikiri atujui? Ni nyumba za kufunga!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona lile neno letu la kila dakika limekaa ndani ya nyumba ile pamoja na mtoto, limezuia mlango. Na haikuwa nyumba moja. Nyuma ya kila pazia kulikuwa na mtu anayengoja tubebe mtu wake. Kama Baraka alikuwa na homa, nani mwingine alikuwa na homa na amezibwa mdomo?

Nililaza mira chini. Nilivua barakoa, nikavua glavu, nikavua na fulana ya rangi ya chungwa. Nilimwendea Deo, nikamnyang'anya kopo la rangi bila kusema, maana kama ningesema ningeanza kugugumia. Nikarudi mbele ya mlango wa Mama Nyota, nikajipulizia rangi mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Tazama, ni rangi! Dawa gani inapakwa hivi?"

Jicho likaonekana kwenye ufa wa mlango. Mlango haukufunguka.

Basi nikafanya kitu ambacho hata leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilisimama katikati ya zile nyumba, mimi ambaye msikitini nakaa safu ya nyuma nisionekane, nikapaza sauti.

"Hatupimi watu! Tunapima njia! Njia ya gari la moshi! Variante ni njia, jamani, wallahi ni njia tu!"

Ikaja sauti ya yule mzee mshona viatu kutoka ndani: "Gari la moshi gani? Uliona wapi gari la moshi Bujumbura?"

Kweli sijawahi kuliona. Lakini niliwahi kuambiwa linavyolia na watu wa Kigoma. Nikakunja mikono kiunoni, nikaanza kuzunguka pale uani, "chuku-chuku, chuku-chuku," na mkono mwekundu unapanda na kushuka, kisha nikapiga mluzi mrefu.

"Na we ni nani pale," mwanamke mmoja akauliza dirishani, "dereva ao muzigo?"

Mtu akacheka. Mwingine akacheka nyumba ya pili. "Muangalie na ndevu zake!" Kicheko kikapita nyuma ya mapazia yale yote, na mlango mmoja ukafunguliwa, ukafuatiwa na mwingine. Msiyo Alen alikuwa amesimama na mdomo wazi. Nilimweleza kwa maneno machache lile neno lake lilivyosikika. Aliweka mkono kichwani akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Meza ikaburutwa tena. Mama Nyota akatoka na Baraka kifuani. Mtoto alikuwa na macho meupe, shingo imelegea. Niligusa kichwa chake, nikauondoa mkono kwa jinsi kilivyokuwa cha moto.

"Tangu lini?"

"Kabla nyinyi hamujafika. Nilikuwa nimufunge kitambaa nimupeleke, gari yenu ikakuja."

"Mpakieni garini," Msiyo Alen alisema.

"Chefu mukubwa, iyi gari ni ya mradi," Deo akaanza, "ikitokea kitu njiani, asiransi haitalipa..."

"Mpakieni!"

Lakini Mama Nyota alipoona mlango wa gari jeupe unafunguliwa, alirudi nyuma. "Iyo gari, apana. Utaniua hapa, lakini iyo gari apana." Na sikuweza kumlaumu. Kumwambia mtu asiogope ni rahisi, Msiyo Alen alikuwa amewaambia hivyo juu ya jiwe.

"Basi tembea," nilisema. "Nipe mtoto, tutembee."

Tulipanda kuelekea Musaga kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma amenishika shati. Njiani Baraka alianza kukakamaa, meno yamekazana, mikono inaruka. Degedege. Sijawahi kuogopa vile. Nilimlaza ubavu kivulini mpaka ikapita, sikujua kufanya zaidi ya hapo. Mama Nyota hakupiga kelele. Alikuwa anasema polepole tu, "Yesu wangu, Yesu wangu," na mimi kwa upande wangu nilikuwa nasoma nilichojua kusoma, tukaenda hivyo, kila mtu na dua yake, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alimtoboa kidole, na Mama Nyota aliposikia anasema "tunapima" alisimama aondoke. Nilimshika mkono. Ilikuwa malaria. Wakamtundikia chupa ya maji na dawa, na muuguzi akatuambia hivi, bila ukali: "Mungechelewa hata kidogo, ningewaambia mwende nyumbani kuzika." Tulikaa kwenye benchi. Kila mlango wa chumba kile ulipofunguliwa niliinuka, na ulifunguliwa mara nyingi, kwa sababu ndimo walimoweka mafagio.

Jioni Baraka alifungua macho, akamtazama bibi yake, akaulizia ndagala. Si maji, ndagala. Muuguzi akacheka, Mama Nyota akalia, mimi nikatoka nje.

Sasa, hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuwasimulia wanangu, maana wao husimulia gari la moshi na kucheka, na mimi huwaacha wacheke.

Baada ya siku kadhaa tulirudi kumaliza. Mahali palikuwa pamebadilika kabisa. Watoto walitukimbilia wanalia "chuku-chuku". Mshona viatu alimpa Msiyo Alen kiti chake. Watu walitushikia nyaya, walitusogezea mawe, mmoja alikata tawi lililokuwa linaziba darubini. Hawakuogopa tena. Tulipima haraka kuliko siku yoyote, tukapita uani, kando ya majiko, penye kamba za nguo, na kila mmoja akasema karibuni. Nawaambia haya na ripoti bado haijatoka, au imetoka na haijatufikia sisi wa huku chini.

Nilipofika kwa Mama Nyota alitoka nje na Baraka kiunoni, mtoto anatafuna. Alinisalimia vizuri, akaniulizia Salima. Akanitazama ninavyoweka mira kwenye kona ya ukuta, juu ya alama nyekundu ya Deo.

"Papa Rama," alisema. "Siku ile ulisema variante ni njia."

"Ndiyo, mama."

"Njia ya gari la moshi."

"Ya mizigo. Ndiyo."

"Ile njia inapita wapi?"

Ningeweza kumwonyesha bonde. Ningeweza kusema mambo bado. Nilimwonyesha kwa mkono: kutoka kwenye kile kigingi cha nyuma, mpaka hapa penye fimbo, mpaka kile cha mbele. Alifuata mkono wangu kwa macho. Mstari ulikuwa unaingia kwenye dirisha la chumba na kutokea mlangoni.

"Kwa hiyo si ugonjwa," alisema.

"Si ugonjwa."

"Ni nyumba."

"Wakichagua hii. Kuna ile ya chini pia, labda watachagua ile. Bado hawajachagua."

"Nani anachagua?"

Nilimweleza kama nilivyosikia mwenyewe ndani ya gari. Kwamba Msiyo Alen anashauri tu. Kwamba serikali inangoja ushauri. Kwamba karatasi zitakwenda kwa wenye kukopesha, na wao wako nchi nyingine. Nilipokuwa nasema niliona kila mtu ninayemtaja anasogea mbali kidogo, mpaka kukabaki mimi na yeye na mtoto.

Akamhamishia Baraka upande wa pili wa kiuno.

"Mutoto alipata homa," alisema, "mi niliogopa, lakini mahali pa kumupeleka ilikuwako. We ulinivuta, tukafika, walitufungulia. Sasa hii, Papa Rama, nitaipeleka wapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Deo alikuwa anapunga mkono kule mbali, amemaliza kusoma, anataka nihame. Sikuhama. Nimestaafu, na swali lile bado ninalo. Nilibaki nimesimama pale nikimtazama usoni, asije akadhani kwamba sikumsikia.